Kisima cha Mtongwe Kilipokoseshwa Usingizi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Shule niliiacha darasa la tano, nikaanza kwa kusukuma mkokoteni wa mitungi ya maji Likoni, na leo nina maboza matatu ya maji barabarani na nyumba ya ghorofa Mtopanga niliyoijenga bila kumwomba mtu hata msumari. Nimeona mengi. Lakini juzi tajiri mmoja wa Mkomani alinikaribisha chai sebuleni kwake, marumaru mpaka ukutani. Nikapiga funda moja, ulimi ukanirudisha Mtongwe, mtoto wa miaka tisa. Chai ilikuwa na chumvi. Mwenyeji wangu anakunywa tu, hana habari, kashazoea.

Nyumbani kwetu kulikuwa na kisima, na mtaa mzima ukiteka hapo bure, kwa sharti moja la mamangu. Adhuhuri ikiadhiniwa, aliifungua kamba kwenye kapi, akaiviringisha na kuitia mvunguni mwa kitanda chake. Mwanamke akija na ndoo mchana huambiwa, "Kisima kimelala, mwanangu. Rudi alasiri." Basi majirani walijifunza kuteka mapema na kuweka akiba mitungini, huku wakimsema kwamba ana uchoyo hata wa kitu cha Mungu. Nami nikiamini kimelala kweli. Nilipita pale kwa ncha za vidole, na siku moja nilipopiga chafya nilichungulia ndani nikakiomba radhi.

Mwaka ule dadangu Zuhura aliposwa na watu wa Mji wa Kale, watu wa kutazama sahani kabla ya kumtazama bibi arusi. Mamangu hakuwaza kingine ila karamu. Pilau ikiharibika, Zuhura angeingia ukweni akute masimango yanamngoja.

Siku moja kabla ya arusi akaja Ami Sudi, mdogo wake babangu, fundi wa mitambo bandarini, kabeba pampu ya petroli ya kuazima.

"Shemeji, bado mwateka kwa kamba? Mwamtoa Nabii Yusufu kisimani? Niachie mimi, nikujazie mapipa yote."

"Kisima hiki hakitaki pupa, shemeji."

"Kisima ni shimo. Shimo halina nataka wala sitaki."

Mamangu alipokwenda sokoni kutafuta viungo, Ami akawasha. Mimi ndiye niliyeshika mpira. Wallahi, Mtongwe nzima hakukuwa na mtoto mwenye cheo kama changu siku ile. Adhuhuri ikapita mashine inanguruma, mapipa yakajaa, na Ami, kwa raha zake, akajaza na masufuria na mabeseni ya kufulia. Mamangu aliporudi aliyatazama mapipa, akakitazama kisima, akasema "Haya" basi.

Asubuhi ya arusi Bi Rukia, mpishi wetu, alijichemshia chai kwanza, kama desturi yake. Akapiga funda, akatema.

"Maji haya yamejitia chumvi yenyewe," akasema. "Mimi mmeniita nije nifanye nini?"

Tukaonja pipa baada ya pipa. Lile la kwanza kujazwa lilikuwa tamu, nalo halikutosha hata kuoshea mchele. Yaliyobaki yote, bahari tupu. Ami Sudi akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli ng'ambo, akaikimbilia feri.

Mamangu alikaa juu ya kibao cha mbuzi, upindo wa leso mdomoni, nazi hajaikuna. Ndipo akatokea Mama Juma, jirani aliyekuwa mbele kwa kumsema, ndoo kichwani.

"Mama Zuhura, nasikia kisima jana hakikulala."

"Kakikosesha usingizi shemeji yangu."

"Basi shika. Haya ni ya akiba, ya juzi."

Nyuma yake wakaja wengine, huyu na ndoo, yule na mtungi, maji waliyoyateka mapema kwa kuiogopa ile kamba ya mvunguni. Pilau ikapikwa. Wakwe walikula mpaka wakalegeza vikoi.

Kisima chetu kilibaki na chumvi mpaka masika yalipopita. Mimi nilielewa ukubwani, kazi ya maji iliponifunza. Kwetu pwani maji matamu ni mvua iliyozama, imekaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Ukiteka taratibu unapata matamu. Ukivuta kwa pupa, ya chini hupanda. Mamangu hakuwa akiwanyima watu maji. Alikuwa akiyangoja yarudi, kwa ajili yao. Na kama alijua kulieleza hilo, pengine aliona watu huheshimu usingizi kuliko maelezo.

Kwa hiyo nilipochimba kwangu Mtopanga, mafundi wakataka kuongeza kina, mimi niliwasimamisha palepale maji matamu yalipotosha. Kisha nikaweka mifereji paa zima, mvua ishukie kwenye shimo la mawe kando ya kisima, irudi ardhini. Jirani zangu wanacheka, eti muuza maji amwaga maji. Wacheke. Kazi yote ile nililipa taslimu, sikukopa kwa mtu: shilingi elfu sitini na tatu na mia nne.