Matufaha ya Siku ya Kuanua Matanga

Mama alikuwa mpishi katika nyumba ya mgeni mmoja kule Rohero, mtaa wa wenye nazo hapa Bujumbura. Kutoka jiko lile alituletea harufu ya vitunguu mikononi, na alituletea krambli. Ni matufaha yaliyokatwakatwa na kulazwa chini, juu yake chenga za unga uliofikichwa kwa siagi na sukari, kisha vyote vinaokwa hadi juu pakauke na chini patokote. Kwa bosi wake kulikuwa na oveni. Kwetu Buterere kulikuwa na mbabula moja, jiko dogo la makaa, na sufuria lenye mfuniko bapa. Mama aliweka makaa machache chini ya sufuria na mengi juu ya mfuniko.

"Moto wa juu ndio unaoka," alisema. "Wa chini kazi yake kuunguza."

Nilijifunza kwa kumtazama. Wakati huo nilikuwa nimeshaacha shule, kwa sababu yeye alianza kuugua na baba alikuwa ametutangulia zamani. Mimi ndiye mkubwa. Alipofariki tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado sekondari, na kitinda mimba wetu, msichana ambaye meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanamng'oka.

Shangazi, dada yake baba, alisema palepale makaburini kwamba huyu mdogo hatakulia ndani ya maji. Hakusema uongo. Nyumba yetu iko chini, karibu na mashamba ya mpunga, na mvua ikikaza tunalala vitanda vikiwa juu ya matofali. Wakubwa wakamwambia asubiri. Kwetu mambo ya watoto hayaamuliwi siku ya kuzika. Yanangoja kuanua matanga, ambako kwa Kirundi tunakuita kuganduka, karibu mwaka mmoja baadaye. Siku hiyo ukoo unateremka kutoka milimani, misa inasomwa, kreti za vinywaji zinaletwa, kisha mkubwa mmoja anasimama na kutamka neno la kuwafungua wafiwa. Kabla ya neno hilo hakuna sherehe katika nyumba. Baada yake, maisha yanaruhusiwa kurudi, na nani atakaa na nani hutangazwa hapohapo, watu wote wakisikia.

Ndiyo maana sikuwahi kuomboleza vizuri. Kila nilipomkumbuka mama nilikumbuka pia ile siku inayokuja. Nilishinda soko la Mutakura nikibeba magunia ya watu, jioni nikirudi na mihogo na dagaa, nikimkagua mdogo kucha na masikio kama vile shangazi yuko mlangoni. Alikuwa akiniita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu.

"Yaya, mbona unaniosha sana? Mi siyo sahani."

Wazo la kupika krambli siku hiyo lilikuwa langu. Nilijua shangazi angesema nyumba yetu haina mtu wa kuiongoza. Nikafikiri, mtu akiingia akakuta chakula cha mama, kimepikwa kwenye sufuria la mama, na watoto wake wako safi, atasemaje tena kwamba nyumba imekufa? Mdogo wangu wa sekondari alifunga daftari lake nilipomweleza.

"Wataleta bia," alisema. "Hawaji kula tunda."

"Watakula."

"Na utasema nini wakicheka mwanaume anapika?"

"Nitacheka nao."

Matufaha si tunda la kwetu. Yanatoka mbali na watu wa Buterere huyaona tu vichwani mwa wauzaji. Lakini jirani yetu, mama mmoja wa Kongo aliyekimbia kutoka ng'ambo ya mpaka na kupanga chumba nyuma ya kwetu, alikuwa akiyatembeza kwenye beseni huko katikati ya mji. Nilimwomba aniwekee yale yaliyogongana yakafanya madoa.

"Ya nini?" aliuliza.

Nikamweleza. Akaketi kwenye kizingiti chake akacheka hadi akafuta macho.

"We mutoto wa kiume, utaolewa wewe. Nitakutafutia bwana mwenye gari."

"Awe na paa lisilovuja, mama. Gari apana."

Hakucheka tena. Siku mbili kabla ya misa alinimwagia kwenye ndoo matufaha mengi kuliko niliyoomba, na baadhi hayakuwa na doa lolote. Sukari ndiyo ilinitesa. Mjini ilikuwa imeadimika, watu walikuwa wakipanga foleni kwa fununu tu. Mwenye duka niliyekuwa nikimbebea magunia alinifungia kidogo kwenye karatasi na kuniambia nisimwonyeshe mtu.

Asubuhi ya siku yenyewe niliwatuma wadogo zangu kanisani na watu wa ukoo. Mimi nilibaki, nikisema lazima mtu alinde viti na maturubai. Siagi ya kopo nilikuwa nimeilaza usiku kucha kando ya mtungi, imefungwa kitambaa chenye maji, maana joto la Bujumbura huigeuza mafuta kabla hujaigusa, na mama alisema siagi ikiyeyuka utapata uji, hupati chenga. Nilifikicha kwa ncha za vidole, viganja nimeviinua, hadi unga ukawa kama mchanga wenye kokoto ndogo. Matufaha niliyakatia mabaka yote, nikayakamulia limau, sikuweka maji. Nikapanga makaa. Kisha nikakaa mbele ya mbabula na kungoja, na kwa mara ya kwanza tangu mama afe nilisikia nyumba inanukia kama siku za Pasaka.

Mdogo alirudi kabla ya wote, mbio, gauni lake jeupe limeshika vumbi. Alikuwa amewatoroka njiani.

"Nimesikia harufu nikiwa kule kwenye mfereji," alisema. "Nikajua ni mama." Akakung'uta gauni. "Nikajua siyo mama. Nikakimbia tu."

Nilifunua sufuria. Juu palikuwa na rangi ya kahawia, pembeni mchuzi wa matufaha ulikuwa ukipasukapasuka kwa mapovu. Nilimchotea kidogo kwenye kijiko, akapuliza, akala. Alifumba macho. Nikamchotea tena. Mtoto yule tangu msiba alikuwa akila kama anayelipa adhabu, na sasa alikuwa akilamba kijiko nyuma na mbele. Sikuona sababu ya kumzuia.

Ukoo uliingia uani. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa mbele na fimbo yake. Shangazi nyuma yake, na mkoba mkubwa begani. Shangazi alisimama, akavuta hewa puani.

"Nini hiyo?"

"Ni chakula cha mama, shangazi. Nimewapikia."

Alitazama sufuria. Halafu akamtazama mdogo, ambaye alikuwa na chenga kwenye kidevu na sukari mdomoni.

"Amekula?"

"Kidogo tu."

"Baba mukubwa hajasimama," alisema shangazi. Hakupaza sauti. "Neno halijasemwa. Kumbe hawa watoto wamejifungua msiba wenyewe. Sisi tumetoka milimani kufanya nini?"

Mzee mmoja alivuta kiti chake mbali kidogo na mbabula, kana kwamba kilichokuwa pale ni mzoga. Nilielewa, lakini nilikuwa nimechelewa. Kwangu mimi kilikuwa chakula cha mama. Kwao kilikuwa kitamu, cha sherehe, kilichoingia kinywani mwa mfiwa kabla ya ruhusa, na aliyekitia kinywani ni yule anayedai kuwa baba wa nyumba. Katika hesabu zangu zote za mwaka ule, za kucha na masikio na viti, jambo hilo halikunipitia kichwani.

"Sukari haionekani mujini," mtu alisema nyuma, "wao wanaimwagia matunda."

"Na mupishi ni huyu dume," mwingine akajibu. Wawili watatu wakacheka kwa pua.

Niliahidi kucheka nao. Sikuweza.

Baba mkubwa si mtu mbaya. Aliketi, akaomba maji, akangoja watu watulie. Kisha akasimama na kusema neno. Alimshukuru Mungu, alimtaja marehemu kwa wema, akauliza kama kuna mtu anayemdai marehemu, hakujitokeza mtu. Akasema matanga yameanuliwa, watoto wamefunguliwa, waoe na waolewe, walime na wavune. Halafu akasema mkubwa atabaki na nyumba, wa kati atabaki naye amalize shule, na mdogo atakwenda na shangazi yake.

"Baba mkubwa," nilisema, "naomba nizungumze."

"Zungumza, mwanangu."

"Hajalala njaa hata siku moja. Hajakosa shule. Naomba mniachie."

"Najua hajalala njaa." Aliegemea fimbo yake. "Mvua iliyopita maji yalifika wapi ndani ya nyumba?"

Nilionyesha kwa mkono, chini ya goti. Yeye akamwonyesha mdogo kwa kidole, akapima kwa macho pale maji yangemfikia.

Shangazi alifungua mkoba wake kutoa gauni la kusafiria la mtoto, na chini ya gauni nikaona kandambili mpya, ndogo, bado zimefungwa kamba. Zilikuwa za mguu wake kabisa. Zilinunuliwa huko milimani, kabla hajafika, kabla hajasikia harufu yoyote. Hapo niliona kwamba ningepika au nisingepika, njia ilikuwa imeshachongwa. Nilitamani nipate nafuu kwa kulijua hilo. Sikupata. Kama kosa lingekuwa langu, angalau uamuzi ungekuwa umepitia mikononi mwangu.

Baada ya neno, watu walikunywa. Sasa kula kuliruhusiwa, na ajabu ni kwamba walikula. Baba mkubwa alisifu. Yule mzee aliyesogeza kiti aliomba aongezewe. Shangazi alionja kwa ncha ya kijiko, akakaa nacho mdomoni.

"Mama yako alinipikia hii," alisema polepole. "Nilipokuja kumuona alipozaliwa huyu mudogo." Akaweka sahani chini bila kumaliza. "Siku utakuwa na nyumba isiyoingia maji, uje umuchukue. Nimesema mbele ya watu."

Waliondoka jua likiwa bado juu ili wawahi basi. Mdogo hakulia hadi alipoona sisi hatupandi. Nilimfungia krambli kwenye kibakuli chenye mfuniko, akakikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kutupungia.

Tangu siku ile nabeba vifusi. Mtu akibomoa ukuta popote kati ya Mutakura na kwetu, naomba mabaki, nayasukuma kwa baiskeli, nayamwaga chumbani na kuyashindilia ili sakafu ipande. Mvua imekuja mara kadhaa. Kila mara maji yamekula sehemu ya kazi yangu na kuniachia tope. Mdogo wangu wa sekondari ananiambia hata nikijaza hadi kwenye dirisha, maji nayo yatapanda. Labda. Kesho yake huwa naamka na baiskeli.

Jirani bado anauza matufaha. Hunitajia yaliyogongwa, nami humwambia asante, mama, siku nyingine.

Jumapili iliyopita shangazi alinipigia simu na kumpa mdogo aongee. Sauti yake imenenepa. Aliniambia ana mbuzi, anaijua njia ya shule peke yake. Kwa nyuma nilisikia shangazi akimwita, naye akaitikia, "Ndiyo, mama," upesi, bila kufikiri. Kisha akarudi kwangu.

"Yaya, sakafu imefika wapi?"

Nilitazama chini. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imeacha mstari ukutani.

"Inapanda," nilimwambia.

"Imefika kwenye goti?"

"La nani, langu au lako?"

Alifikiri. "Langu limepanda," alisema, na salio likaisha, simu ikakatika.