Herufi Kumi na Tatu za Onyango

Mume wangu Boaz ni fundi wa mabango hapa Migori, na yeyote anayetaka kusikia ninamwambia kwamba amenichosha. Ni kazi gani ya kumfanya mtu akae mezani macho yakiwa darini, chakula kinapoa, midomo inacheza kama anayesali? Ukimuuliza ana nini, anasema anatafuta neno.

Ugonjwa huu alikuwa nao hata kabla hajanioa. Mpe jina lolote, hata la mganga au la shule ya chekechea, atalivunja herufi moja moja na kukuambia maneno ya Kiingereza yaliyomo. Anayaandika kwenye madaftari, na kamusi yake haina kurasa za mwisho, ziling'oka zamani. Barua yake ya kwanza kwangu ilikuwa na maneno saba aliyoyatoa ndani ya jina langu, Scovia. Nilikuwa msichana, nikadhani ni mapenzi.

Lakini hili la Phanice limepita kiasi.

Phanice ni rafiki yangu, mshonaji, na mwaka jana alifiwa na mumewe, Onyango. Marehemu alikuwa na duka karibu na soko, na juu ya mlango aliandika ONYANGO STORES kwa herufi kubwa za mbao. Hakuzinunua. Alizichonga mwenyewe kutoka kwenye mashua ya baba yake, ile iliyozeekea ufukweni Mbita baada ya mzee kufa. Ukitazama vizuri utaona matundu ya misumari ya zamani.

Phanice alitaka kugeuza duka liwe la sare za shule, lenye jina jipya. Chumba cha duka ni cha mama mkwe wake, na ndugu mmoja wa marehemu alikuwa akikimezea mate siku nyingi. Mama alikubali kwa sharti moja: herufi zote kumi na tatu zibaki pale. Akikuta hata moja imetupwa, chumba anampa yule ndugu. Alisema atakuja kutoka Mbita Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa, aone kwa macho yake.

Phanice akaja kwa Boaz. "Shemeji, nisaidie. Nataka jina la Kiingereza, wazazi wa hapa town wanapenda hivyo. Na herufi zote zitumike."

Macho ya mume wangu yaling'aa mpaka nikaona aibu. "Hiyo ni kazi ya siku mbili," akasema.

Zilipita wiki tatu. Mwenye butcher alingoja bango lake hadi akaenda kwa fundi mwingine. Kanisa lilileta ubao, ukageuka kiti cha kuku. Boaz alikata vipande kumi na tatu vya karatasi akavitandaza kitandani, kwenye upande wangu, na nikigeuka ananiambia nimevuruga.

Siku ya kwanza kabisa aliona kwamba ndani ya ONYANGO kuna neno AGONY, yaani mateso makali. Akaniomba nisimwambie Phanice. Hapo nilimhurumia kidogo. Kesho yake akaja na GOAT.

"Duka la sare liitwe mbuzi?" nikamuuliza.

"Natafuta tu, Scovia."

"Tafuta unga!"

Mara moja tu alizimaliza zote. STRONG SOON YEA, yaani nguvu hivi karibuni, naam. Aliapa kwamba hiyo YEA imo kwenye Biblia ya Kiingereza. Phanice alisoma, akakaa chini, akalia. Alisema watu watadhani amerukwa na akili kwa msiba.

Ijumaa jioni Boaz alisalimu amri. Alipigilia STRONG AS ONE, maana yake tuna nguvu tukiwa kitu kimoja, na kweli ni jina zuri. Lakini zilibaki mbili, O na Y. Akazificha ndani ya koti. "Mama hajui kusoma," akaninong'oneza. "Hataona." Wiki tatu za kujifanya profesa, na mwisho wake ni kumdanganya mama mzee.

Jumamosi mama alifika, mdogo wa umbo, amejifunga leso mbili. Hakutazama juu. Aliomba ngazi. Phanice akaishika, na mama akapanda akizipapasa herufi moja baada ya nyingine, midomo ikihesabu kwa Kijaluo. Alipofika mwisho alirudia tangu mwanzo. Kisha akateremka.

"Mbili ziko wapi?"

Phanice alifunika uso kwa khanga. Boaz alizitoa kwenye koti. "Mama, nisamehe. Nimetafuta neno la kuzimaliza zote, nimekosa. Makosa ni yangu, si ya huyu."

Mama aliipokea ile O, akaingiza kidole kwenye tundu la msumari pembeni yake. "Hapa ndipo mzee wangu alikuwa anakaa akivuta nyavu," akasema. Kisha akamgeukia Boaz. "Neno? Nani alikuuliza neno?"

"Ulisema zote zibaki, mama."

"Zibaki kwa nyumba. Mimi sisomi, nyathina, mwanangu. Kwangu hii haijawahi kuwa jina la duka. Hii ni mashua."

Aliingia ndani, akamwonyesha Phanice ukutani, juu ya cherehani. "Piga msumari hapa, hizi mbili ziwe karibu na wewe." Phanice alizipigilia akilia kwa sauti, na mama akamshikia kikopo cha misumari.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa na maneno ya kumwambia Boaz, na ningeyasema. Wiki tatu, na swali lilikuwa moja tu, la kumuuliza yule mama kule Mbita: ni lazima herufi ziwe jina? Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba simu ya kumpigia nilikuwa nayo mimi, na namba yake ninayo tangu matanga ya Onyango.