Upande wa Pili wa Injini ya Baba

Nikisikia harufu ya thina, ile ya kuzimulia rangi, hata leo, iwe dukani au kwa fundi wa magari, mikono huniwasha. Nataka brashi. Nataka kuharibu kitu cha mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Athi River karibu kabisa na reli, na Baba alikuwa dereva wa treni ya mizigo. Siku moja alirudi nyumbani na sanduku. Ndani mlikuwa na injini ndogo ya dizeli, mfano wa zile kubwa zinazovuta treni, urefu wake kama mkono wangu toka kiganja hadi kiwiko. Akaiweka juu ya kabati la vyombo, akasema yuko likizo, na hiyo injini asiiguse mtu.

Jamani, ningekaaje bila kugusa? Ilinikera. Iling'aa mno! Injini ya Baba niliijua, ilipita mbele ya nyumba yetu kila asubuhi: pua imebonyea, juu nyeusi kwa moshi, vumbi la viwanda vya saruji limeilalia kama unga. Hii ya kabatini ilikuwa uongo mtupu. Nikajiambia lazima niirekebishe kabla likizo haijaisha, Baba aende nayo kazini akawaringie wenzake.

Mama alikuwa kiwandani EPZ akishona suruali. Baba, ambaye siku hizo hakutulia nyumbani, alikuwa ametoka tena. Nikaiteremsha. Nikabonyeza pua kwa msumari wa moto. Vishikio nikavikunja kwa waya, honi nikaikata kwenye mrija wa kalamu. Masizi ya jiko nikayakoroga na thina, nikapaka, kisha nikapanda stuli nikakwangua vumbi la saruji kwenye bati la paa na kulinyunyiza kabla rangi haijakauka. Yote mbio mbio, sikio likiwa mlangoni.

Sikio lenyewe halikunisaidia.

"Wee Mwende! Umefanyia nini hii kitu?"

Nikajua leo nimekwisha. Baba aliichukua, akaileta karibu na macho, akaipapasa ile pua. Akaigeuza. Upande wa pili bado uling'aa, sikuwa nimeugusa.

"Na huku je?"

"Huku sijawahi ona, Baba. Ikipita asubuhi inaonyesha upande huu tu. Ikirudi nimelala."

Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima na miguu yake mirefu, akaniagiza brashi.

"Hapa kuna ngazi ilivunjika, wakaichomelea vibaya. Na hapa chini ya mlango oili inavuja. Nimeandika ripoti mpaka nimechoka."

Alipaka, akafuta, akapaka tena. Doa moja la oili lilimchukua karibu saa nzima, hata nikahisi nimekalia siafu. Nilitaka tumalize!

Nilikuwa sekondari Mama aliponieleza kwamba hapakuwa na likizo yoyote. Baba alikuwa amepunguzwa kazi, na ile injini ilikuwa zawadi ya wenzake ya kumuaga. Alikuwa akitoka kila siku kutafuta kibarua, hajui atatuambia vipi.

Basi alasiri ile, pale sakafuni, alikuwa akiiaga injini yake, doa kwa doa. Nami nilikuwa nikimvuta shati: "Harakisha, Baba, utarudi kazini kabla hatujamaliza!"