Maji ya Munyaka Hayafiki Mia

Harufu ya maharagwe yanayogoma kuiva ndiyo harufu ya utoto wangu. Nyumbani kwetu Munyaka, mtaa wa Eldoret, yalitokota tangu chai ya asubuhi hadi saa nane mchana, na Mama hakukosa wa kulaumu: leo mwenye duka kamuuzia ya zamani, kesho makaa ni mabichi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikisomea kwenye meza ya jikoni, maana baridi ya bweni ilikuwa imeniamshia pumu hadi nikalazwa mara mbili. Hesabu na Kiingereza Mama alivimudu. Sayansi ilipomshinda alinikabidhi kompyuta kuukuu na orodha ya tovuti za masomo, nami nikazivamia kama mbuzi aliyekuta shamba halina ua.

Baba hakuamini masomo ya jikoni. Aliamua dada yake, Shangazi Selina, aliyefundisha sayansi shule ya msingi huko Burnt Forest miaka mingi, aje anipime mwezi wa nane. Nikifeli, narudi bwenini. Nililia, sifichi. Kisha nikafuta makamasi nikaingia kazini. Tovuti moja ilionyesha jinsi ya kupima maji yanayochemka, ikasema kipimajoto kitafika nyuzi mia. Changu kikakwama tisini na tatu. Nikabadilisha sufuria, nikaongeza makaa, Mama akaninunulia kipimajoto kingine: tisini na tatu. Siku tatu nilijiona mjinga, hadi tovuti ya pili iliponieleza kwamba kadiri unavyopanda juu, hewa inayoyakandamiza maji hupungua, nayo huchemka kabla ya kupata moto kamili. Eldoret tuko juu, zaidi ya mita elfu mbili. Kumbe maskini maharagwe yalisingiziwa bure, maji yenyewe hayakuwa na moto wa kuyaivisha upesi!

Shangazi alikuja, akaketi na mkoba magotini, akaniuliza habari za mizizi, mapafu na sumaku. Nikajibu maswali yote. Mwisho akauliza maji huchemka kwa nyuzi ngapi.

"Hapa kwetu ni tisini na tatu, Shangazi."

Baba aliinamisha kichwa. Shangazi akasema kitabu kinasema mia, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ningesema mia tu, mambo yaishe, nibaki nyumbani. Lakini nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nikamwomba kwa heshima anifuate hadi jikoni. Maji yalipotokota aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tisini na tatu. Nikamweleza habari ya hewa, na ya maharagwe. Akamgeukia Baba.

"Huyu mwache hapa hapa."

Mama alipiga kigelegele hadi majirani wakachungulia.

Leo mimi ni mwalimu wa fizikia. Wanafunzi wangu wana mtandao kwenye simu, jibu linawafikia kabla swali halijaisha. Mimi nilingoja ukurasa mmoja ufunguke hadi chai ikapoa. Siwaonei wivu hata kidogo. Kila muhula wa kwanza nawasha jiko mbele yao, na kila mara wote wameshaandika mia kabla ya kutazama. Wakibisha, nawasimulia simu aliyopiga Shangazi wiki moja baada ya mtihani ule, kutoka Burnt Forest, ambako ni juu kuliko kwetu. Hata salamu hakutoa.

"Mwanangu," alisema, "huku ni tisini na mbili."