Ukurasa wa Shukrani

Mwalimu wetu wa biashara katika chuo cha Kajiado alitutuma kila mmoja akachambue kampuni moja. Someni kwanza kampuni inavyojisifu, alisema, kisha magazeti, kisha mtafute mtu wa ndani, kwa maana wa ndani ndiye ajuaye. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wenzangu walikimbilia benki. Mimi nikajiona mjanja, kwa sababu mtu wa ndani nilikuwa nakaa naye nyumba moja.

Mama alikuwa akichuma waridi kwenye shamba moja la Isinya. Tulitoka Magharibi mwa Kenya tukapanga chumba Kitengela, na kazi hiyo ndiyo iliyotuweka mjini na mimi chuoni.

Meneja wa shamba aliipiga muhuri barua yangu ya chuo kwa sharti moja: nikimaliza, nimpelekee nakala ya ripoti. Akanipa kijitabu chenye picha nzuri. Kilisema kwamba dawa ya wadudu ikishapulizwa, hakuna mfanyakazi anayeingia katika banda la waridi mpaka ikauke. Magazetini sikupata neno. Basi jioni moja, Mama akiosha miguu kwenye beseni, nikamuuliza.

"Siku ya order kubwa tunaingia tu," alisema. "Dawa bado iko mbichi kwa majani. Lakini usiandike ni mimi nimesema."

"Hii ni ya shule tu, Mama."

Sikuandika ni yeye. Niliandika "mfanyakazi mmoja", nikaiona sentensi hiyo ya kitaalamu kweli kweli. Halafu nikafika ukurasa wa shukrani. Chuoni kwetu hakuna aliyethubutu kuuacha: tulimshukuru Mungu, mwalimu, hata mpiga chapa. Ningemrukaje mzazi? Nikaandika jina lake kamili, nikamshukuru kwa kunieleza jinsi kazi ya waridi ilivyo. Ilinitoka moyoni. Mpumbavu mimi.

Nakala ya meneja niliipeleka mwenyewe, nimevaa tai, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata Mama alirudi kabla ya saa sita mchana, aproni yake imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakunigombeza. Afadhali angenichapa.

"Si ulisema ni ya shule tu?"

Mama alizunguka mashamba mengine kutafuta kazi, na kwenye kila lango jina lake lilikuwa limeshafika. Chuo niliacha muhula huo huo. Kazi yangu ilirudishwa ikiwa na maneno ya kalamu nyekundu pembeni: mwalimu alikuwa amesifu chanzo changu cha habari.

Siku tuliyofunga godoro ili Mama arudi nyumbani, aliiona ile ripoti juu ya sanduku. Yeye hakujua Kiingereza.

"Nisomee hapo uliniandika," alisema.

Nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri," akasema, kisha akaniomba nishike upande wa pili wa kamba.