Kitambaa cha Mama Ndani ya Bomba

Juzi, kwenye sherehe ya mtoto wa jirani, mtu wa mazingaombwe alipitisha vitambaa vya hariri ndani ya bomba, vikatoka na rangi nyingine. Watoto walipiga makofi. Mimi nilikasirika upya.

Mjomba Wafula alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha nguo kule Industrial Area, na bomba lake la mazingaombwe lilikuwa la kadibodi, lile la kuzungushia vitambaa. Lilinuka gundi. Alasiri moja nikiwa mtoto, mbele ya majirani zetu wa Shauri Moyo, aliingiza kitambaa cheupe cha kichwa cha Mama, kile cha akina mama wa kanisa, kikiwa bado na joto la pasi ya makaa. Akavuta upande wa pili, kikatoka chekundu.

"Wafula, kesho naimba kanisani," Mama alisema. "Rudisha kitambaa changu."

"Dada, tulia. Kwanza chai."

Alikunywa vikombe viwili, polepole, akijisifu. Mimi niliamini kitambaa kimeharibika kabisa. Nikakichukua, nikakilowesha kwenye beseni la jiki ili kirudi cheupe, nikakisugua mpaka vidole vikaniwasha.

Kumbe cheupe kilikuwa ndani ya bomba muda wote. Mjomba alikitoa kimekunjamana, na Mama akawasha makaa ya pasi upya. Mjomba akainua hariri yake nyekundu aliyoinunua sokoni Gikomba, sasa ina mabaka na matundu, akaniuliza kwa nini sikungoja.

Kila mtu mzima pale alijua kuna kitu cha kungoja. Hakuna aliyeniambia.