Kahawa ya Kukaa

Gerardo alikuwa mkono wa birika, na hakukasirika ukimwambia. Miaka hamsini alikunywa kahawa kila asubuhi kwenye baa ya kijijini kwetu, kule juu milimani, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Kwetu kahawa ina bei mbili. Ukiinywa umesimama kaunta, bei yake ni ile ya siku zote. Ukikaa mezani ukaletewa, inapanda. Kahawa ileile, kikombe kilekile.

"Sasa mimi," alikuwa akisema, "seremala wa viti, mtoto wa seremala wa viti, nilipie kukaa kwenye kiti alichotengeneza mpumbavu mwingine? Nikitaka kukaa naenda kwangu."

"Na kwako ukikaa tu, Michelina anakuinua," watu wanamjibu.

"Ndiyo. Lakini ananiinua bure."

Michelina ndiye mkewe. Kazi waligawana. Gerardo alichonga miguu na kuunga fremu, Michelina akawamba kikalio kwa majani makavu ya kinamasi, anayasokota huku anayavuta mpaka yanakaza kama ngozi ya ngoma. Gerardo hakuwahi kuwamba hata kimoja. Alisema ni kazi ya wanawake. Ukweli ni kwamba vidole vyake vilikuwa vinene kama soseji. "Vidole hivyo," Michelina alikuwa akisema, "hata pua havimkuni vizuri."

Walioana Jumamosi moja ya Novemba, mwaka wa themanini. Jumatatu wangepanda basi kwenda Napoli, siku tatu za fungate. Jumapili jioni ardhi ikatetemeka. Hayo siyasimulii, wa kwetu wanayajua. Mwaka ule Gerardo hakutengeneza viti, alitengeneza majeneza. Fungate ikaahirishwa mpaka mambo yatulie, na mambo huwa hayatulii. Mara nyumba haijaezekwa, mara Loredana kazaliwa, mara Loredana kaolewa Torino, mara gari limekufa. Miaka arobaini na minne. Michelina hakulalamika. Ila kila ugomvi wao, hata wa chumvi iliyozidi, uliishia mahali pamoja: "Na Napoli hujanipeleka."

Mwezi wa nne tumbo likaanza kumuuma Michelina, akakonda. Daktari alikuwa wa zamani, wale wenye adabu zao. Mbele ya mgonjwa akatabasamu, akasema ni mawe kwenye nyongo, akaandika dawa. Kisha akamshika Gerardo kiwiko, akamtoa koridoni. Ndivyo ilivyokuwa kwetu siku zote: wanaambiwa wenye mgonjwa, mgonjwa mwenyewe anaachiwa matumaini.

"Si mawe, mzee," daktari akasema. "Ni kongosho, na hakuna tena cha kukata. Tukifika naye Krismasi, tumshukuru Mungu."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mume anayeficha maradhi ya mkewe.

Loredana alilia kwenye simu, halafu akaanza kutoa amri, maana amri amerithi kwa mama yake. "Baba, usimwambie. Akijua atazimika wiki hiyohiyo. Mpeleke Napoli, hoteli nalipa mimi. Na wewe uwe kawaida. Unanisikia, baba? Kawaida!"

"Mimi ni wa kawaida tangu nizaliwe."

Basi Gerardo akabaki na kazi hiyo moja duniani: Michelina asijue. Akaitoa fungate kabatini kama mtu anayetoa koti la zamani. "Mwanao ametulipia," akamwambia. "Mimi nisingethubutu." Michelina akacheka, akaenda kupiga pasi gauni la bluu.

Napoli ikawapokea kwa kelele. Pikipiki zimebeba watatu watatu, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, mama mmoja anamgombeza mwanawe kutoka ghorofa ya nne na mtaa mzima unachangia. Walinunua pizza ya kukunja mara nne, ile ya kula huku unatembea. Michelina alikula robo.

"Mawe haya hayapendi jibini," akasema.

Gerardo akamalizia yote, yake na ya mkewe, akalamba na karatasi. "Imelipiwa," akasema. Alijiona anafanya vizuri. Alikuwa kawaida kabisa.

Mchana wakaenda kwenye kanisa dogo lenye Kristo wa marumaru, maiti amelazwa, na juu yake shuka jembamba. Shuka nalo ni jiwe lilelile, lakini ungeapa ukipuliza litapeperuka. Watu walikuwa wanasukumana. Michelina alisimama pale muda mrefu, anaangalia kama anavyoangalia kazi ya mwamba viti mwenzake.

"Wamemfunika gubigubi, Gerardo," akasema polepole, "na kila mshipa unaonekana."

Gerardo akaangalia viatu vyake.

Walipotoka jua lilikuwa kali na uchochoro unapanda. Michelina akasimama, akashika ukuta. Rangi ilikuwa imemtoka, midomo imekuwa ya majivu. "Pumzi tu," akasema. "Twende." Lakini mguu haukwenda. Pale kwenye kona palikuwa na mgahawa, meza nne kivulini, na ndani kaunta ya kusimamia, kama ilivyo kote. Gerardo hakuwaza. Neno lilimtoka kabla hajalishika.

"Tukae."

Michelina akageuza shingo. "Tukae wapi?"

"Hapo."

"Mezani?"

"Mezani."

"Hapo wanalipisha, Gerardo."

"Najua."

Akamtazama. Alimtazama kama siku ile ya Jumapili, kabla kuta hazijaanguka, walipoisikia sauti chini ya sakafu na kila mmoja akasubiri mwenzake aseme ni nini. Kisha akaenda mwenyewe, akavuta kiti, akakaa. Gerardo naye akakaa, ukingoni, kama mtu aliyeitwa shuleni kwa kosa la mtoto.

Mhudumu akaja anapunga taulo. "Daktari, karibu! Mama, sogea huku kuna upepo." Napoli ukivaa koti, wewe ni daktari, hata kama mfukoni una kipande cha penseli ya useremala. Gerardo akaagiza mbili. Mhudumu akaondoka.

"Umesikia?" Michelina akasema. "Umekuwa daktari."

"Wanaita kila mtu hivyo."

"Haya, daktari. Mimi naumwa nini?"

Mdomo wake ulikuwa na tabasamu. Macho hayakuwa nalo.

"Mawe," Gerardo akasema. "Mawe tu, Michelina."

"Mawe."

"Eeh."

Kahawa zikaja, na glasi mbili za maji. Michelina akanywa maji kwanza, akafuta mdomo, akakunja leso ya karatasi mara mbili.

"Kwa ubahili wako wewe," akasema, "yangekuwa mawe tungekunywa tumesimama."

Gerardo akakishika kikombe kwa mikono miwili, kikombe chenyewe ukubwa wa yai, kikapotelea kwenye vile vidole. Hakukiinua. Mabega yakaanza kumtikisika, na meza ikatikisika naye, na kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Pikipiki ikapita ikipiga honi. Mhudumu akachungulia, akarudi ndani.

"Nitafika Krismasi?" Michelina akauliza.

Gerardo akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa uongo ulikuwa umekwisha, akasema, "Labda."

"Kunywa. Inapoa, na hiyo ni ya kukaa."

Akanywa. Akasema baadaye kwamba haikuwa na ladha tofauti na ya kusimama.

"Loredana asijue kwamba najua," Michelina akasema. "Atazimika. Ukiongea naye kwenye simu, uwe kawaida."

"Sijui tena kawaida ikoje."

"Uwe bahili. Inatosha."

Halafu akainama, akapitisha kiganja chini ya kiti alichokalia, akakwaruza kwa kucha. Akakunja uso. "Plastiki. Kimewambwa na mashine, na bado kimelegea. Karakana umeacha fremu ngapi?"

"Sita."

"Majani yapo ya sita?"

"Yapo."

"Mimi nitawamba mbili," akasema. "Wewe nne. Tukirudi nakufundisha."

"Michelina, vidole vyangu…"

"Ndiyo maana naanza mapema. Cha kwanza kitakuwa cha kutupa, najua. Basi tunakitupa, unaanza upya. Sitaki watu waseme nimeacha fremu uchi."

Siku ya pili waliiona bahari, wamekaa juu ya ukuta, bure. Michelina alivaa gauni la bluu. Alisema bahari ni kubwa kuliko alivyofikiri, na kwamba hiyo tu ingemtosha kwa fungate hata mwaka wa themanini.

Kiangazi kizima mlango wa karakana ulikuwa wazi, na aliyepita alisikia sauti ya Michelina: "Kaza! Si hapo! Umevuta kama unamkama mbuzi. Fumua." Na Gerardo anafumua. Michelina akawamba mbili zake kabla ya Agosti kuisha, taratibu, anapumzika kila safu mbili. Baada ya hapo mikono yake ikabaki mapajani. Cha kwanza cha Gerardo alikifumua mara tatu. Cha pili mara moja. Cha tatu Michelina alikipapasa akiwa kitandani, amefumba macho, akasema kinakalika.

Alizikwa mwishoni mwa Oktoba, na gauni lilelile.

Cha nne Gerardo alikiwamba mwezi uliofuata. Kimepinda upande wa kushoto, mtu yeyote anaona. Alikaa nacho mbele yake asubuhi nzima, mikono mapajani, akisubiri, na hapakuwa na wa kumwambia afumue.